Ukurasa wa Desemba Kumi na Mbili

Nimesikia mmekitoa kile kitabu cheusi kabatini. Nimesikia pia mnataka kusimamisha ubao mkubwa langoni pa ofisi, uandikwe "Siku Kama ya Leo", ili mwananchi akipita asome ni jambo gani la kwanza lilifanyika huku kwetu tarehe hiyo. Wazo ni zuri. Ukurasa uliowafurahisha zaidi, naambiwa, ni wa Desemba kumi na mbili, kwa sababu una mambo saba ya kwanza, yote siku moja, Sikukuu ya Jamhuri. Mmeniomba mimi niliyeuandika niwape maneno ya utangulizi. Haya, nawapa, ila msinunue rangi kabla hamjafika mwisho.

Niliingia ofisi ile ya habari miaka ya sitini ikielekea kwisha, nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu ambavyo vilinibana mpaka nikawa natembea kama mtu mwenye kiburi. Mambo ya vyeo na mshahara tuyaache. Cheo nilipanda kwa sababu waliokuwa mbele yangu walistaafu, na mshahara, hata mke wangu hakuwahi kuamini kwamba ndio huo wote.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine ya kuchapa isiyokuwa na herufi K. Hebu fikirieni. Uko Kitui, kwa Wakamba, nchini Kenya, na mashine haina K. Kazi yangu ya miezi sita ya kwanza ilikuwa kupitia kila karatasi na kalamu nikiziba mapengo, na jina langu mwenyewe, Kimeu, nikawa nalianza kwa mkono. Karani mkuu, Mzee Ndambuki, mtu mfupi wa ugoro na leso mbili, alinitazama siku nzima. Jioni akaniambia kwamba karani aliyekuwa kabla yangu alikuwa akiyaepuka maneno yenye K, na ndiyo maana barua zake zilikuwa hazieleweki.

Kitabu cheusi kilikuwa chake. Alikianza mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, kwa sababu wakubwa walikuwa wakija kutoka Nairobi wakiuliza shule ya kwanza ya mabati ilijengwa lini, lori la kwanza lilifika soko gani, na kila mtu alikuwa akijibu lake. Kila tarehe ya mwaka aliipa ukurasa wake. Kurasa nyingi zilikuwa tupu, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Namna yake ya kufanya kazi niliiona vizuri kule Tawa. Tulikwenda kutafuta siku ambayo kinu cha kwanza cha kusaga mahindi kilianza kazi pale. Tulipata wanaume watatu, kila mmoja akiapa kwamba ni yeye aliyekizindua, na mmoja alikuwa na picha. Mzee akawasikiliza, akawashukuru, akakunja daftari. Kisha akaanza kuzunguka sokoni akiwauliza akina mama nani alikuwa wa kwanza kusaga. Ilituchukua siku mbili. Tulimpata bibi mmoja ambaye alikumbuka kwamba unga ulitoka ukiwa wa moto, akadhani umeungua, akauacha wazi hadi asubuhi akiogopa kuupika, na asubuhi hiyo ilikuwa Krismasi. Mzee akaandika tarehe. Njiani akaniambia, "Kimeu, muulize aliyetumia. Aliyefungua atakuambia siku aliyovaa suti."

Nilitembea naye miaka saba hivi. Tulikwenda hadi Makindu kuuliza bomba la kwanza la maji pale karibu na reli, tukala bure kwenye hekalu la Masingasinga, na Mzee akarudi kuketi mara ya pili kwa kisingizio cha kuuliza swali alilosahau. Tulikuwa na gari la sinema, jenereta lenye hasira, na kamera moja ambayo ilikuwa ikilala nyumbani kwake chini ya kitanda. Nilijifunza kushika kamera, kukata stensili za kurudufia matangazo, kusema kwenye kipaza sauti bila kupiga kelele. Alipostaafu akarudi kwao Tawa, akaniachia kitabu, na sikuwa na mtu wa kunitazama tena.

Sasa hapo ndipo nilipoharibika, na niliharibika taratibu, huku nikisifiwa.

Ilianza hivi. Wakati ule miradi mingi ilikuwa ikifunguliwa sikukuu za taifa, hasa Jamhuri, kwa sababu wageni walikuwepo, ngoma zilikuwepo, na ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Kwa hiyo ukurasa wa Desemba kumi na mbili ulikuwa na mambo manne kabla hata sijaugusa. Mwaka mmoja mtangazaji fulani wa redio aliyekuwa amekuja kwetu aliuona, akaunakili, na siku ya Jamhuri akausoma hewani. Nilikuwa nyumbani. Niliongeza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna kifo. Siku hiyo nilihisi kwamba ukurasa ule ni wangu.

Mwaka uliofuata josho la kwanza la ng'ombe upande fulani lilikuwa tayari siku ya kumi. Nikashauri lingoje siku mbili. Nani anaumia kwa siku mbili? Kupe labda walifurahi. Baadaye kuna kituo kidogo cha posta kilichongoja wiki nzima, barua zikiwa ndani ya gunia. Nikawa nimefikisha sita, na sita haikunitosha. Nilitaka saba. Sina sababu nyingine ya kuwaambia, nilitaka saba.

Ndipo ikaja wodi. Ilikuwa kaskazini, mwendo wa saa moja kwa gari kupita Kyuso, na jina la mahali silitaji kwa sababu watu wa huko hawakufanya kosa lolote. Walijenga kwa harambee. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni kwa debe na mgongo, na maji ya kuchanganyia saruji walikuwa wakiyapunguza kwenye ya kunywa. Ilikuwa wodi ya kwanza ya kujifungulia upande ule wote. Kabla ya hapo mwanamke alizaa nyumbani, na mambo yakienda vibaya alibebwa kwenye kitanda hadi barabarani akangoje gari ambalo huenda lisije.

Wodi ilikamilika wiki tatu kabla ya Jamhuri. Kitanda kilifika, shuka nyeupe zikafika, sanduku la vifaa vya kuzalishia likafika, na muuguzi, Sista Kamene, alikuwa hapo tayari kwenye chumba cha zamani cha kufungia vidonda. Kwenye mkutano wa matayarisho, afisa wa tarafa aliuliza kwa nini wodi isianze kazi, mgeni aje kukata utepe baadaye. Swali zuri. Ni mimi niliyemjibu. Nilisema kwamba jambo haliwi la kwanza mara mbili, na kwamba picha ya wodi ikiwa tayari na damu ukutani haitapendeza. Watu wakacheka. Afisa akasema basi, wiki tatu si nyingi. Kufuli nilinunua mimi, na ufunguo ukakaa kwangu.

Siku nne kabla ya Jamhuri nilikuwa pale, mchana saa nane hivi, nikimsimamia fundi anayeandika kibao cha ukutani. Lori la mbuzi likaingia. Lilikuwa la Hassan, mfanyabiashara wa mifugo ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki na ambaye tulimjua sote barabara ile. Alikuwa amewakuta njiani mwanamke aliyeshikwa na uchungu na mama mkwe wake, wakitembea. Mwanamke huyo anaitwa Syombua. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake.

Sista Kamene alimpima hapo hapo chumba cha vidonda, juu ya benchi, akatoka akinitazama bila mchezo. Alisema mtoto amechoka, na kwamba anahitaji kitanda na lile sanduku la vifaa, kwa sababu ndani yake kuna mpira wa kumtoa mtoto ute puani na mdomoni, na chumba alicho nacho hakina. Akaniomba ufunguo.

Ningeutoa tu. Nimejiuliza miaka yote hii ningefanya nini, na jibu ni jepesi hivyo. Lakini nilifikiri zile shuka. Nilifikiri kitanda kitachafuka siku nne kabla ya picha, na kwamba akizaa leo basi wodi imeanza leo, tarehe nane, na tarehe nane hakuna kitu, ni ukurasa mtupu. Nilitaka tu Sista aache kuniuliza. Nikamwambia ufunguo uko kwa afisa, Kyuso.

Sikujua uongo una miguu. Nilidhani atarudi chumbani kwake ajitahidi na alicho nacho. Yeye akasema, "Basi nenda ukaulete. Gari si lile?"

Hassan tayari alikuwa ameshuka na spana ya magurudumu mkononi. Alisema yeye ni mtu wa mifugo, na hata mbuzi akizaa njiani yeye husimamisha lori, sembuse mwanadamu, kwa hiyo tuvunje kufuli, atalipa. Nikamkataza. Nilimwambia hiyo ni mali ya umma na akivunja atafungwa, na nikasema kwa ile sauti yangu ya kipaza sauti. Akarudisha spana. Mama mkwe akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa Kikamba, mwanangu, kimbia. Nikaingia garini.

Niliendesha hadi nilipovuka mto mkavu, mahali ambapo kituo hakionekani tena, nikasimama. Ufunguo ulikuwa nami. Nilijua kabisa la kufanya ni kugeuza gari. Lakini ningewaambia nini? Kwamba nimefika Kyuso na kurudi kwa dakika kumi? Nilikaa pale nikitazama saa, nikipima muda wa mtu kwenda Kyuso na kurudi. Nilikaa saa mbili kasorobo. Nawaandikia hili mara ya kwanza, na kalamu inanishinda, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikaa ndani ya gari la serikali nikingoja uongo wangu upate umri wa kuaminika. Kisha nikarudi mbio, nikapiga honi tangu mbali ili waone nilivyoharakisha.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa nikiwa mtoni. Sista Kamene alijaribu kumvuta ute kwa mdomo wake mwenyewe, mara nyingi, na mtoto alilia mara mbili, kidogo, kisha akaacha. Nilipofika walikuwa wamemfunika na leso ya bibi yake. Mama alikuwa akivuja damu. Tukafungua wodi, tukamlaza kwenye kitanda, Sista akapata alichokihitaji kwenye sanduku, na damu ikakatika. Hassan akampeleka hospitali ya mbali, akiwa amewashusha mbuzi wote na kuwaacha kituoni bila mchungaji.

Sasa sikilizeni jambo lililonimaliza. Walinishukuru. Hassan, kabla hajawasha lori, alinipiga bega akasema, ulijaribu, ndugu yangu, Mungu ameona. Sista Kamene alisema laiti Kyuso ingekuwa karibu. Mama mkwe alinibariki kwa kunitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyofanya. Nami nilisimama hapo nikayapokea yote.

Shuka zilifuliwa, zikapigwa pasi ya makaa. Siku ya Jamhuri mgeni akaja, utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa hadi vumbi likaziba lenzi. Asubuhi hiyo mama mmoja wa kijiji cha karibu alikuwa amejifungua nyumbani kwake salama. Nikaomba aletwe. Akalazwa kwenye kitanda na mtoto wake, mgeni akambeba mtoto, nikapiga picha, na kwenye kitabu nikaandika mstari wa saba: wodi ya kwanza ya kujifungulia, na mtoto wa kwanza kuzaliwa ndani yake, siku ya Jamhuri. Hakuna neno moja la kweli hapo isipokuwa Jamhuri. Wino ni mzuri, mmeona wenyewe, niliandika polepole. Sista Kamene yuko kwenye picha, kulia, ametazama chini. Redio ikasoma mambo yote saba.

Miezi michache baadaye nilichukua kitabu nikaenda Tawa kumwonyesha Mzee Ndambuki. Sijui nilitaka nini kwake. Pengine nilitaka anikamate. Alisoma ukurasa mzima, akashuka hadi mstari wa saba, akaniuliza yule mama wa kwanza aliyelala kwenye kitanda kile alisemaje. Nikasema nilimpiga picha tu. Akafunga kitabu, akanirudishia. Tulizungumza habari ya mihogo yake. Hakuniuliza jambo lolote la kazi tena hadi alipofariki, na mimi sikumwambia.

Kazi niliendelea nayo. Nilitangaza chanjo, chakula cha msaada ule mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano, uchaguzi, na mikutano ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Nilifundisha wengi wenu. Lakini baada ya mwaka ule sikuandika kitu kingine kwenye ukurasa wa Desemba kumi na mbili, na mradi wowote nilioulizwa, nilisema ufunguliwe leo. Mlikuwa mkinicheka kwamba mzee hana subira. Haya, sasa mnajua.

Na kila nilipopita Kyuso niliogopa soko. Syombua alikuwa akiuza ndengu pale. Alipona, akazaa wengine watano, na wawili kati yao walizaliwa katika wodi ile ile. Kila akiniona alikuwa akiniita kwa jina, akiwaambia wenzake huyu ndiye yule aliyekimbia. Mara mbili alinipa ndengu za bure. Nilizichukua. Mke wangu alizipika, akasema ni tamu, na nilikula.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ilipofika barua yenu kuhusu ubao, nilikaa nayo siku tatu, kisha nikaenda kaskazini. Niliwaza nitamwomba ruhusa nifute ule mstari wa saba na kuandika ukurasa wa tarehe nane, kwamba mtoto wa kwanza wa kituo kile alikuwa binti yake. Nilidhani hilo ndilo nililokwenda kufanya.

Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Aliwaita wanawe waliokuwepo, watu wazima sasa, wakaja kunisalimia kwa mikono miwili. Akawaambia, "Huyu ndiye Bwana Kimeu. Siku ya dada yenu, huyu ndiye alikimbia Kyuso kututafutia ufunguo." Binti yake mkubwa akaleta kiti, akaenda kuinjika chai.

Habari ya kitabu sikuifikia. Nilimwambia, "Mama Syombua, sikufika Kyuso siku ile. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Nilikwenda nikakaa mtoni."

Aliendelea kupepeta kidogo, kama mtu ambaye hajasikia. Kisha akauweka ungo chini.

"Mfuko upi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha, wa koti, upande wa kushoto. Akapatazama mahali pale.

"Nikishuka kwa lori nilikuwa sina nguvu," akasema. "Nilikushika koti. Nilikushika hapo."

Nilisema nisamehe, sijui mara ngapi. Aligeuka upande wa jikoni, akamwambia binti yake aepue ile chai motoni kabla haijachemka.